Hivi "You'll Never Walk Alone" ina nini mpaka kila mwanamuziki anaitaka?

#1 Fundi_Redio
Salaam wakuu.

Usiku wa kuamkia leo niliutafuta "You'll Never Walk Alone" mtandaoni, nikidhani nausikiliza mara moja nilale. Nikaanza na Gerry and the Pacemakers. Pembeni akatokea Elvis. Chini ya Elvis yupo Frank Sinatra, kisha Judy Garland, Mahalia Jackson, Aretha Franklin, hadi Nina Simone anaupiga kwa piano bila kufungua mdomo. Adhana ya alfajiri imenikuta bado nateremka.

Naomba kuelimishwa. Wimbo wenyewe unaenda mwendo wa kinyonga, hauchezeki, hauna mahaba wala vijembe. Wamefuata nini wote hawa? Msimamo wangu ni kwamba mpira ndio ulioubeba. Toa Liverpool, wimbo unabaki wa wazee wa Marekani na santuri zao. Mwenye hoja nyingine aje nayo, ila asilete chai.

#2 Kopite254
Umenena mkuu. Sisi wa Anfield hatuna haja ya kueleza, 7 Mei 2019 ilijieleza. Barcelona nne bila, Origi mbili, Wijnaldum mbili, halafu wachezaji wanajipanga mstari mbele ya Kop, jukwaa la mashabiki wetu, wameshikana mabega. Na huyo Origi baba yake, Mike Okoth, alichezea Harambee Stars, kwa hivyo wimbo una hisa za Kenya. Gerry Marsden alipoutunga 1963 hakujua utafika Kisumu.

#3 Daktari_wa_Santuri
Kopite, furaha ya Barcelona isikufanye umpe Gerry kazi ya wenyewe. Gerry aliuimba tu. Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ni ya Oscar Hammerstein, na umetoka kwenye tamthilia ya muziki ya Carousel, iliyofunguliwa 19 Aprili 1945 katika ukumbi wa Majestic, New York. Ng'ambo ya barabara hiyo hiyo, ukumbi wa St. James ulikuwa bado unajaza watu kwa Oklahoma! ya mabwana hao hao wawili. Carousel ikaonyeshwa mara 890.

Na kabla ya Gerry foleni ilikuwa ndefu. Sinatra aliurekodi Mei 1945, tamthilia haijatimiza mwezi. Mwaka 1954 Roy Hamilton, kijana mweusi mwenye sauti nzito ya kanisani, aliufikisha namba moja kwenye chati ya R&B ukakaa wiki nane. Mwaka 1956 ikaja filamu. Nina Simone naye ni wa mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Yote haya Gerry hajaingia studio. Kwa hiyo hoja ya mleta mada inapinduka: wanamuziki walitangulia, mpira ukaja nyuma yao.

#4 Msimbazi_Damu
Fundi umejibiwa 😂 Naweka kambi hapa.

#5 Fundi_Redio
Sawa, ulikuwepo. Kuwepo na kudumu ni vitu viwili. Nyimbo ngapi za Broadway, yaani za tamthilia za New York, za 1945 mtoto wa Tandika anaweza kuzifuatisha leo? Nasubiri orodha.

#6 BintiPangani
Kabla hamjafika mbali, kuna mtu humu ameshajiuliza wimbo unaimbwa wapi ndani ya hadithi? Maana hapo ndipo penye utamu.

Ni pwani ya Maine, Marekani, mwaka 1873. Billy Bigelow ni mpiga debe wa bembea la kuzunguka, lile la farasi wa mbao. Mdomo anao, sura anayo, kazi hana baada ya kufukuzwa. Amemuoa Julie, binti wa kiwandani, na amewahi kumpiga. Julie anapata mimba, Billy anachanganyikiwa atamleaje mtoto, rafiki mbaya anamwingiza kwenye mpango wa kuiba. Wizi unaharibika, Billy anajichoma kwa kisu chake mwenyewe na kufa mikononi mwa mkewe.

Julie hajui aanzie wapi. Binamu yake, Nettie, anamuuliza: unakikumbuka kile kitambaa ulichonipa, kimeandikwaje? Yaani ni kitambaa kilichotariziwa maneno, kama vile vya bibi zetu vinavyotundikwa sebuleni. Julie anajaribu kuimba yale maneno, sauti inakatika, Nettie anaupokea na kuumalizia. Huo ndio wimbo wenu wa uwanjani: mjane mjamzito anasomewa kitambaa chake mwenyewe.

Unarudi tena mwisho, baada ya miaka kumi na mitano, kwenye mahafali ya binti yao Louise, ukumbi mzima ukiimba.

#7 Mtoto_wa_Jangwani
Kwa hiyo wimbo wa wekundu umeanzia kwa mwizi aliyeshindwa kuiba. Nimeelewa kwa nini jirani zetu wa Msimbazi wanaupenda.

#8 Msimbazi_Damu
Nyuma mwiko, ila povu ruksa 😂

#9 Msimamizi
Simba na Yanga jukwaa lao lipo. Endeleeni na muziki.

#10 Mamaa_wa_Muscat
Ahsante BintiPangani, mie huku Muscat nimekaa na chai yangu nikaitia sukari mara mbili kwa kuzubaa na habari ya hicho kitambaa.

Sie tuliokulia kwenye taarab hatushangai wimbo kudumu hivyo. Hebu tazameni: humo ndani hamna jina la mtu, hamna mji, hamna mwaka. Ipo tufani, upo upepo, lipo giza, kuna ndege anaimba. Mtu akiusikia anaujazia lake. Mjane anajua anaambiwa yeye, mshabiki aliyefungwa tatu anajua anaambiwa yeye. Wimbo uliofumbwa vizuri hauna mwenyewe, kila mwenye shida anauchukua. Wa kutaja jina unakufa siku mtajwa akihama mtaa.

#11 Mwanakwaya_Meru
Mama hapo kwenye "hamna jina" nakazia, na nina kisa.

Kwaya yetu tuliuandaa kwa ajili ya ibada ya kumuaga mwalimu wetu mstaafu, mzee aliyekuwa Liverpool damudamu. Mchungaji akaomba maneno kwanza, akaletewa kwenye karatasi. Akavaa miwani, akasoma, akageuza karatasi aone kama kuna upande wa pili, akauliza: "Mungu yuko wapi humu?" Na kweli hayupo. Wimbo mzima haumtaji Mungu hata mara moja. Mwalimu wa kwaya akajitetea na Zaburi ya 23, "Wewe upo pamoja nami", kwamba ni maana ile ile. Mchungaji akasema basi imbeni Zaburi. Tukaimba Zaburi, na ule mwingine tukauimba makaburini baada ya shada la mwisho. Mchungaji hakuondoka, alisimama nasi mpaka mwisho.

Kwa hiyo mimi naona nguvu yake ni ya tenzi. Unasimama kama tenzi, unapumua kama tenzi, ila mlango wake hauna bawabu.

#12 Daktari_wa_Santuri
Mwanakwaya, mchungaji wako angemsikia Aretha angenyamaza. Januari 1972 aliingia kanisa la New Temple Missionary Baptist, Los Angeles, na kwaya ya James Cleveland, akarekodi albamu ya Amazing Grace mbele ya waumini. "You'll Never Walk Alone" imo humo. Wimbo wa tamthilia, umetungwa na watu wa ukumbi wa maonyesho, na kanisa zima linamjibu kama ameshika tenzi la bibi yake.

Njia hiyo ilifunguliwa na Roy Hamilton. Yeye ndiye aliyeutoa kwenye mdomo wa opera akautia roho ya kanisani. Mahalia, Patti LaBelle na wenzake, Righteous Brothers, Elvis, wote wamepita mlango wa Hamilton. Elvis alimhusudu sana Hamilton, na alipourekodi Nashville 1967 ukiusikiliza kwa makini unamwona mwalimu wake nyuma yake.

#13 Chibuku_wa_Mbeya
Wakuu nimechelewa. Kwani huu si wa Elvis?

#14 Msimbazi_Damu
Rudi #3, soma, omba radhi kwa Daktari, kisha uje.

#15 Mwalimu_Solfa
Watu wanaeleza maneno tu, noti zimeachwa yatima. Nifundishe kidogo kisha niondoke.

Nyimbo nyingi za zama zile zilikuwa na umbo moja: lahani ya kwanza, inarudiwa, inakuja ya kati, halafu unarudishwa nyumbani kwa ile ya kwanza. Huu hauna safari ya kurudi. Unaanza chini, sauti ya mtu anayezungumza, na kila mstari unapanda. Hauna kituo cha kupumzika. Ukifika pale pa kuendelea kutembea, tayari uko juu na bado kuna ngazi. Noti ya juu kabisa imewekwa mwishoni kabisa, pale pa kuambiwa hutatembea peke yako. Rodgers alimwandikia Nettie wa kwanza, Christine Johnson, mwimbaji aliyetoka jukwaa la Metropolitan Opera, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kubana.

Mtu mmoja akiuimba mwisho ule ni kazi. Watu elfu hamsini ni rahisi: wa chini wanabaki chini, wa juu wanapiga kelele, hakuna anayemsikia mwenzake akikosea. Na ule ukinyonga anaoulalamikia mleta mada ndio msaada wenyewe. Wimbo wa haraka uwanjani unagawanyika, upande wa kaskazini umemaliza wa kusini bado. Huu una nafasi kati ya mstari na mstari za kungojeana.

#16 Fundi_Redio
Mwalimu, hapo umepigilia msumari, ila angalia umepigilia upande wangu. Umesema wimbo unakamilika ukiwa na watu elfu hamsini. Hao elfu hamsini ni nani kama si mpira?

#17 Mwalimu_Solfa
Nimesema unaimbika na elfu hamsini. Kukamilika ulikamilika kwa mwanamke mmoja na mjane wake.

#18 Hoops_Bondeni
Hapo penye mpira ngoja tunyooshe, maana Kopite anajimilikisha. Celtic wanauimba, na Wakenya tuna haki ya kuusikia kutoka Glasgow pia. 7 Novemba 2012, Wanyama kafunga kwa kichwa, Barcelona kalala 2-1, uwanja mzima skafu juu. Kuna wazee wa Celtic wanaosema wao ndio wa kwanza.

#19 Kopite254
Wa kwanza wapi? Celtic walikuja Anfield 1966 kwenye nusu fainali ya Kombe la Washindi, wakausikia, wakarudi nao kwao kama mtu aliyetoka harusini na sahani.

#20 Hoops_Bondeni
Unaweza kuthibitisha kwamba hakuna aliyeuimba Glasgow kabla ya hapo? Gerry alikuwa namba moja Uingereza nzima, redio ilikuwepo hata Scotland.

#21 Shetani_Mwekundu
Wote kaeni chini. Wapo wazee wa Manchester United wanaosema uliimbwa Old Trafford baada ya ajali ya Munich, 1958.

#22 Kopite254
Sasa hata wimbo mnataka kusajili? 😂

#23 Daktari_wa_Santuri
Niweke yanayojulikana kisha mgombane vizuri.

Gerry na kundi lake walikuwa vijana wa Liverpool, meneja wao Brian Epstein yule yule wa Beatles, prodyuza George Martin yule yule. Nyimbo zao mbili za kwanza zilifika namba moja, zote za kuchangamka. Ya tatu Gerry akataka huu wa polepole. Ukatoka Oktoba 1963 ukakaa namba moja wiki nne, na wao wakawa wa kwanza Uingereza kufikisha nyimbo zao tatu za mwanzo kileleni mfululizo.

Jinsi ulivyoingia uwanjani kuna simulizi mbili, na zote zina wenyewe. Moja: Gerry alimpa Bill Shankly, kocha wa Liverpool, rekodi ile wakati wa maandalizi ya msimu, mzee akaanguka nayo. Ya pili: Anfield walikuwa wakipiga nyimbo kumi bora kabla ya mechi, namba moja inapigwa mwisho karibu na timu kuingia. Wimbo ukashuka chati, Kop wakaendelea kuudai. Mimi naegemea hii ya pili kwa sababu haina shujaa. Mambo ya kweli mara nyingi huanza kwa mazoea. Malango ya Shankly yenye maneno hayo yalikuja baadaye sana, 1982.

Kwa wapenda ushahidi wa masikio: tafuteni "Fearless" ya Pink Floyd, 1971. Wameingiza Kop wenyewe wakiimba. Hilo ni jambo la ajabu kwa wimbo wa tamthilia, kwamba moja ya rekodi zake maarufu waimbaji wake hawana majina.

#24 Kibandaumiza_FC
Mimi sijui Broadway. Najua 25 Mei 2005, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya.

Tuko kibanda umiza, benchi za mbao, mwenye kibanda ameweka ndoo mlangoni anakusanya hela. Milan tatu, Liverpool sifuri, mapumziko, saa nne na nusu usiku kwetu na saa hiyo hiyo Istanbul. Mashabiki wa Liverpool wameanza kutoka wakidai warudishiwe hela, mwenye kibanda anawaambia hela imeshanunua dizeli ya jenereta. Wakati wanabishana mlangoni, kwenye TV ukaanza kusikika. Kwanza kidogo, halafu wote. Tatu bila na wanaimba! Jamaa mmoja aliyekuwa ameshaweka mguu nje akasema "hawa wamelewa", lakini akarudi kukaa. Waliobaki nje walikosa yale mabao matatu ya dakika sita.

Wanaosema ni noti, wanaosema ni kitambaa, sawa. Mimi nasema ni ile kuuimba ukiwa umefungwa. Timu nyingine zina nyimbo za kushinda.

#25 Mtoto_wa_Jangwani
Hii komenti ya #24 imenigusa na mimi si wa Liverpool. Nimemaliza, naendelea na chuki zangu.

#26 Rotterdam_Mswahili
Salaam kutoka Uholanzi. Mnazungumza kama wimbo ni wa Waingereza na Wamarekani peke yao. Huku Rotterdam ni wetu kabisa. Lee Towers, zamani dereva wa winchi, alitoa toleo lake 1976 na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiuimba mwanzo wa Rotterdam Marathon. Feyenoord, timu ya hapa, wanauimba pia, na yule Wijnaldum wa Kopite ni mtoto wa hapa hapa.

Nimewahi kusimama mwanzo wa mbio zile, watu wamebanana kabla ya daraja la Erasmus, baridi, kila mmoja anatikisa miguu. Towers anaanza, Waholanzi wenye miili yao wanalia waziwazi. Mbele kabisa Wakenya na Waethiopia wamekunja uso, wanatazama saa za mkononi. Wao wimbo ule unawaambia tu bunduki inakaribia.

Na mpenda tarehe achukue hii: Tegla Loroupe alivunja rekodi ya dunia ya wanawake hapa Rotterdam kwa 2:20:47, tarehe 19 Aprili 1998. Linganisha na tarehe ya Daktari hapo #3.

#27 Daktari_wa_Santuri
Miaka 53 kamili. Umetisha mkuu.

#28 Kopite254
Tena hisa za Kenya. Nilisema.

#29 Mzee_wa_Bandari
Vijana mmesahau mwaka. 1945! Roosevelt alifariki 12 Aprili, wiki moja kabla ya tamthilia kufunguliwa. Vita Ulaya haijaisha mpaka Mei, ya Pasifiki inaendelea. Ukumbini mle walikaa wanawake wasiojua kama mume yu hai. Jukwaani mwanamke kafiwa, anaambiwa aendelee kutembea. Huhitaji kuwa mtaalamu wa noti. Wimbo ulizaliwa mahali ambapo kila familia ilikuwa na mtu wake vitani, na kilio kile kimebaki ndani yake.

Tena tamthilia ya asili, Liliom ya Ferenc Molnár, ya Budapest 1909, mwisho wake ulikuwa mkavu, hauna faraja. Rodgers na Hammerstein ndio waliotia mahafali na wimbo. Inasimuliwa kwamba Molnár huyo huyo alimnyima Puccini ruhusa ya kuifanya opera. Hawa akawapa, na mwisho wao akaupenda.

#30 Dada_Mkali
Nimesoma uzi wote. Nauliza kistaarabu: mbona BintiPangani kapitisha haraka kwamba Billy alimpiga mkewe? Ndani ya tamthilia ile, karibu kabisa na wimbo wenu kurudi, mama anamwambia binti kwamba mtu anaweza kukupiga na usisikie maumivu. Halafu ndiyo ukumbi unaimba tutembee kwa matumaini. Mimi nikiusikia ule wa mahafali roho inanisuta. Faraja nyingine zinamwambia mwanamke avumilie tu.

#31 BintiPangani
Sikupitisha haraka, nimeandika. Na hoja yako si ngeni, wanaoirudisha Carousel jukwaani siku hizi wanahangaika na sehemu hiyo hiyo. Lakini naona ndiyo sababu nyingine wimbo ukatoroka. Watu waliuchukua wakaiacha hadithi. Nani anayepiga kelele Anfield anamkumbuka Julie?

#32 Dada_Mkali
Hakuna. Na hilo ndilo linalonikera.

#33 Pesa_Kwanza
Ngoja niharibu hali ya hewa. Mnatafuta roho, tufani na ndege. Hakuna anayetaja hati miliki? Nyimbo za Rodgers na Hammerstein ziko chini ya kampuni inayozisimamia, na tangu 2017 iko mikononi mwa Concord. Marekani ulinzi wake unaenda hadi mwisho wa 2040. Kila filamu, kila rekodi, kila tamthilia ya shule, kuna anayelipwa. Bidhaa yenye mwenyewe haiachwi ikafa. Nyimbo ngapi nzuri za Mbaraka Mwinshehe zimelala kwa sababu hakuna anayezisukuma?

#34 Mwanakwaya_Meru
Mkuu, nyimbo zote za Rodgers zina wenyewe, na nyingi zimelala. Kusukumwa hakutoshi.

#35 Daktari_wa_Santuri
Pesa_Kwanza kagusa jambo bila kujua. Tatizo la Mbaraka naliona pengine kabisa. Nyimbo zetu za dansi zilikuwa mali ya sauti. Wimbo wa Mbaraka ni wa Mbaraka, wa Marijani ni wa Marijani, mwingine akiuimba tunasema anaiga. Wimbo wa tamthilia haukuwahi kuwa wa mwimbaji. Uliandikwa kwa ajili ya Nettie, na Nettie ni nafasi tu: leo Johnson, kwenye filamu ya 1956 Claramae Turner, kesho mwalimu wa shule ya sekondari. Tangu siku ya kwanza ulizoea kubadilishwa mdomo. Sinatra hakumwibia mtu.

#36 Mamaa_wa_Muscat
Siyo kweli khasa, Daktari. "Muhogo wa Jang'ombe" ya Siti binti Saad, Bi Kidude kauimba mpaka watoto wanadhani wake. Taarab imezoea hilo zamani.

#37 Hoops_Bondeni
Na "Malaika" je? Fadhili William, Makeba, Belafonte, Boney M, Angélique Kidjo. Hiyo ndiyo "You'll Never Walk Alone" yetu.

#38 Msimbazi_Damu
Usianzishe nani katunga "Malaika", uzi utafika kurasa mia.

#39 Mzee_wa_Bandari
Aliyetunga tunamjua.

#40 Msimbazi_Damu
Si nimesema!

#41 Msimamizi
"Malaika" ifunguliwe uzi wake. Komenti 11 zimehamishwa.

#42 Nesi_wa_Leeds
Mimi ninaishi Uingereza, karibu na Bradford. Naona mmekwepa upande wa misiba. 11 Mei 1985 jukwaa la uwanja wa Bradford City liliungua, watu 56 wakafa. Wasanii wakakusanyika kwa jina la The Crowd, Gerry akiwemo, wakaurekodi kwa ajili ya waathirika, ukawa namba moja tena. Miaka minne baadaye msongamano wa uwanja wa Hillsborough, mashabiki wa Liverpool 96.

#43 Kopite254
97 dada. Wa mwisho alifariki 2021 kwa majeraha yale yale, akahesabiwa. Kwetu namba hiyo haikosewi.

#44 Nesi_wa_Leeds
97, Mungu awarehemu. Nilichotaka kufikia ni 2020, wakati wa korona. Machi mwaka ule vituo vingi vya redio Ulaya viliupiga kwa wakati mmoja.

#45 Rotterdam_Mswahili
Wazo lililoanzia huku Uholanzi, kumbukeni 😎

#46 Nesi_wa_Leeds
Aprili akaja Captain Tom Moore, mzee wa miaka 99 aliyezunguka bustani yake na kigari cha kutembelea akichangia hospitali. Akaurekodi na Michael Ball na alipotimiza miaka 100, tarehe 30 Aprili, ulikuwa namba moja. Kwenye wodi yetu tulikuwa tukimpigia mgonjwa anapotolewa kwenye mashine. Wengine walikuwa hawajui Liverpool iko upande gani. Sikuwa nawaza Carousel wala Kop. Nilikuwa nawaza glovu zimebaki ngapi, na wimbo unapigwa.

#47 Pesa_Kwanza
Nesi, kwa hili sina la kuharibu. Heshima yako.

#48 Fundi_Redio
Shukrani wote. Ila sijahama: misiba yenu yote, Bradford, Hillsborough, imetokea uwanjani. Mpira upo pale pale.

#49 Daktari_wa_Santuri
Renée Fleming aliuimba mbele ya sanamu ya Lincoln, Januari 2009, kwenye tamasha la kumkaribisha Obama. Barbra Streisand aliuimba 2001 kwenye tuzo za Emmy, Marekani ikiwa bado kwenye msiba wa Septemba. Hapo kuna goli gani, Fundi?

#50 Kopite254
Obama. Hisa za Kenya, mara ya tatu.

#51 Fundi_Redio
Klopp kafundisha Mainz, Dortmund na Liverpool, na kote huko wanauimba. 2016 Dortmund walikuja Anfield na mashabiki wa pande zote mbili wakaimba wimbo mmoja kabla ya mechi. Nitajie tamasha la Fleming lililofanya hivyo.

#52 Mwanakwaya_Meru
Wakati mnagombana, mimi nina mahafali ya sekondari mwezi ujao na wameomba huu huu. Mwalimu_Solfa, nianzie sauti gani? Mara ya mwisho tulianza pazuri tukafika mwisho soprano wamebana koo, tena teno wawili wamenyamaza wanatazama dari.

#53 Mwalimu_Solfa
Kosa la wote hilo. Mnachagua noti ya kuanzia. Anza na ya mwisho: mpe soprano wako dhaifu ile ya juu kabisa, aishike huku akitabasamu. Akiweza, shuka kutoka hapo utafute ya kuanzia, hata kama besi watalalamika kwamba wako kisimani. Mstari wa kwanza waimbe wachache tu, ikiwezekana mmoja. Usiwaruhusu wapaze sauti mapema. Na usiwape rekodi ya Elvis wala ya Aretha wajifunzie, wataanza kuzungusha sauti kila neno. Wape ya Gerry, ameuimba umenyooka.

#54 Kopite254
Mwalimu kasema Gerry. Uzi ufungwe.

#55 Hoops_Bondeni
Usifungwe, bado sijajibiwa ya Glasgow.